Mlango wa Nyuma: Usalama Katika Chumba cha Kushonea



Wengi mnaoniandikia huniuliza mambo matatu: nilianza na mtaji kiasi gani, wateja nawapata wapi, na lesi nzuri naichukua duka gani. Hayo nimeshayaeleza. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote: usalama wa wale wanaofanya kazi chini ya mikono yetu.

Tumezoea kudhani usalama kazini ni mambo ya viwandani, ya wanaume waliovaa kofia ngumu na mabuti. Sisi tuna vyerehani vinne, wasichana watano, pasi mezani na feni inazunguka juu. Hatari iko wapi? Basi naomba tuangalie yaliyowakuta mafundi wenzetu.

Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, Marekani, moto uliwaka katika kiwanda cha kushona blauzi kilichoitwa Triangle. Moto ulianzia kwenye sanduku la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kiwanda waliogopa kuibiwa. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na wadogo kabisa walikuwa na miaka 14. Mabaki ya vitambaa na mlango uliofungwa. Nani kati yetu hana vitu hivyo viwili?

Miaka 102 baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Siku moja kabla, kuta zilionekana na nyufa. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini mafundi wa nguo waliamriwa warudi kazini kwa sababu oda zilikuwa zinasubiriwa. Walikufa zaidi ya watu 1,100, wengi wao wanawake. Nyufa zilionekana na kila mtu. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kupoteza siku moja ya kazi.

Nilisoma habari hizo wakati mimi mwenyewe nina nyufa zangu. Fremu niliyokuwa nimepanga ilikuwa pazuri kwa biashara, watu wanapita asubuhi hadi usiku. Lakini nyaya za umeme zilikuwa zimeungwaungwa kwa tepu, soketi moja ikipata joto kila tukiwasha pasi, na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa magunia ya mwenye nyumba. Nilimwendea mara tatu.

"Shikamoo mzee wangu. Naomba ule mlango ufunguliwe, na fundi umeme aje aangalie zile nyaya. Nina watoto wa watu mle ndani."

"Marahaba mwanangu. Nyumba ile ina miaka mingapi na haijaungua? Mtegemee Mungu."

Mara ya tatu aliniambia kama sipendi, wapangaji wako wengi. Nikahama, na kodi ya miezi miwili niliyokwisha kulipa ikabaki kwake.

Sitawadanganya kwamba baada ya hapo riziki ilimiminika. Nilikohamia ni ndani ndani na kodi ni kubwa zaidi. Wateja wa njiani wamepotea, na kila mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naliona pengo. Ndugu zangu wengine walisema nimejitia makuu. Lakini wale wasichana wameletwa kwangu na mama zao, wakaniambia, "Huyu mwanao, mfunze." Hiyo ni amana. Siwezi kuipima kwa wingi wa wapita njia.

Na hilo neno la kumtegemea Mungu, dada zangu, tuliweke mahali pake. Sote tumefundishwa chuoni habari ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Kufunga ngamia kwetu sisi ni kubadilisha soketi.

Sasa tuingie chumbani. Wanaofanya kazi ya usalama wana mpangilio wao, na ni rahisi kuukumbuka. Ukiiona hatari, jiulize kwanza: naweza kuiondoa kabisa? Kama haiwezekani, naweza kubadilisha kitu chenye hatari kwa kingine chenye nafuu? Kisha, naweza kuweka kizuizi baina yake na mtu? Halafu ndiyo zinakuja kanuni na maonyo, na mwisho kabisa vifaa vya kuvaa. Wengi wetu huanzia mwisho: tunamwambia msichana "kuwa mwangalifu", tumemaliza. Uangalifu wa mtu mwenye usingizi hauzuii kitu.

Tuchukue pasi ya mkaa. Umeme ukikatika, wengi huiwasha ndani na mlango umerudishwa. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inaweza kuua kabla mtu hajajua kilichomkuta. Kwangu nimeiondoa, umeme ukikatika hatupigi pasi, tunatia vifungo na kupiga pindo kwa mkono. Pasi ya umeme ina meza yake, mbali na vitambaa, na soketi yake peke yake ukutani. Karibu na mlango kuna mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya mchanga. Kila msichana anajua swichi kuu iko wapi, kwa sababu moto wa umeme haumwagiwi maji. Na milango yote miwili haina kitu mbele yake, hata kiti.

Sindano nayo ina utaratibu. Mashine inazimwa kabla ya kutunga uzi au kubadilisha sindano. Sindano ikivunjika, vipande vyote vinatafutwa na kuunganishwa mpaka vitimie, ndipo fundi anapewa nyingine. Mtu ataona ni usumbufu. Lakini kipande kisichoonekana kimekwenda wapi? Pengine kimo kwenye gauni la mtoto la sikukuu. Hapo ndipo utaona kwamba usalama wa fundi na ubora wa nguo ni kitu kimoja.

Na tusisahau maradhi yasiyotoa damu. Mgongo, shingo na macho huharibika polepole. Kiti kiwe na egemeo, kimo chake kilingane na mashine, taa imulike pale penye sindano, na kila baada ya muda mtu asimame ajinyooshe. Sala zetu zinatusaidia hapa. Adhuhuri na alasiri kwangu mashine zote zinanyamaza.

Jambo gumu zaidi ni haraka. Mnajua Ramadhani inavyokuwa kwetu: kumi la mwisho kila mtu anataka nguo ya Idi, na kila mmoja ana shida yake. Mafundi wanashona mpaka karibu na daku, huku wamefunga. Mishono inakwenda upande, zipu zinatiwa kinyume, vidole vinachomwa. Mimi sipokei oda baada ya mwezi kumi na tano Ramadhani, na saa nne za usiku tunafunga. Kuna mteja wangu wa miaka alinuna, akaenda kwingine na hajarudi. Imeniuma. Lakini Mtume (SAW) alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta chini kuna majimaji, alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro. Nguo iliyoshonwa na mtu anayesinzia, ukaipiga pasi ikang'ara juu, ndani yake ina majimaji vilevile.

Mwisho ni mabaki. Visiwa vyetu vilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini vitambaa vingi tunavyoshona leo ni poliesta, nayo ni plastiki iliyosokotwa uzi. Ukiizika haiozi, ukiichoma uani moshi wake ni sumu inayoingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Kwangu mabaki yanatolewa chumbani kila jioni, hayalali chini ya meza. Pamba huwekwa mbali na poliesta. Vipande vikubwa vinakuwa vifuko na vishikio vya sufuria, vidogo vinajaza mito. Sindano zilizovunjika zinatiwa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, ili mwokota taka asichomwe. Kuondoa cha kudhuru njiani ni katika imani. Basi tusiwe sisi ndio wanaokiweka.

Zanzibar tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2005, na mwajiri ana wajibu, hata awe na chumba kimoja. Lakini hata kama mkaguzi hatafika kwako, kuna ukaguzi ambao sote tutasimamishwa. Kila mchunga ataulizwa alichokichunga.

Kesho ukifungua duka, usikae kwenye mashine yako. Kaa kwenye kiti cha msichana mdogo kuliko wote, aliye mbali kabisa na mlango. Angalia kutoka pale. Ukiona njia ya kutokea iko wazi, mshukuru Allah. Usipoiona, usianze kazi.

Allah atulindie wenye kutushonea na awabariki katika mikono yao. Amin. Wabillahi tawfiq.