Raketi Mbili

Baadhi ya wazee wa mtaa wetu wakituona baada ya swala ya alasiri tumekunja mikono ya kanzu na kushika raketi hutikisa vichwa, wala hatuwalaumu. Walakini mchezo ulio safi, usio na kamari na usiopitisha wakati wa swala, haukukatazwa, na habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), akashindwa mara moja na akashinda mara nyingine, yajulikana na kila aliyekaa darasani. Basi tusirefushe hapo. Leo twataka kuwasimulia ndugu zetu wasomaji, na hasa vijana, jinsi tulivyochagua raketi ya mpira wa vinyoya, na jinsi uchaguzi ule ulivyotufedhehesha mbele ya kijana tunayemlea.

Uani kwetu hapa Tanga tumefunga wavu baina ya mwembe na ukuta. Vijana wa chuo hucheza jioni, na watoto wetu wa kike hucheza asubuhi ya Jumamosi, ua unapokuwa wao peke yao. Twatumia kinyoya cha nailoni, maana kile cha manyoya ya ndege, yenye kuhesabika 16, hakizidi gramu 5 na nusu, na upepo wa bahari hukifanyia utakavyo.

Mwaka 2022 mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, afanyaye kazi Muscat, alikuja kututazama na raketi mbili mpya. "Shikamoo Maalim," akasema, "moja ni yako, chagua uipendayo. Nyingine mpe kijana umwonaye anafaa." Kijana huyo alikuwa amekwisha kujulikana: ni mwana wa ndugu yetu marehemu, mwenye miaka 16, aliyekaa kwetu tangu babake alipofariki.

Raketi zote mbili zilikuwa za kichwa kizito. Ya kwanza, nyeusi yenye kung'aa, ilikuwa ya daraja waiandikayo 3U, yaani gramu 85 hadi 89, na shingo yake ilikuwa ngumu, haipindi ila kwa nguvu. Ya pili ilikuwa 4U, gramu 80 hadi 84, shingo yake laini, na rangi yake ya kijani haikuvutia. Tofauti ya gramu tano ni ndogo hata muuza dhahabu akihesabu, sisi tuliidharau. Tukaishika ile nyeusi, tukaipunga hewani mara tatu, tukasikia mvumo wake, na nafsi ikatwambia: hii ndiyo yenye nguvu. Ile ya kijani tukampa kijana. Akatubusu mkono akashukuru.

Hapa yatupasa tuseme kweli. Kisheria kijana huyu si yatima tena, maana amekwisha kubaleghe, na mwenye kutoa alitupa sisi haki ya kuchagua. Lakini hatukuichagua ile nyeusi kwa kuwa inatufaa. Tuliichagua kwa kuwa tulidhani ndiyo bora, na kwa kuwa tulidhani ndiyo bora hatukutaka aipate yeye. Na sisi ndio tuwasomeshao watoto Suratun-Nisaa.

Sasa tueleze maana ya kichwa kizito, kwani wengi huinunua raketi ya namna hii bila kuijua. Chukua nyundo, uishike kwenye mpini upigilie msumari. Kisha igeuze, ushike chuma upige kwa mpini. Uzito ni ule ule, ila mahali ulipo umebadilika. Raketi nayo hupimwa kwa kuisimamisha juu ya kidole. Aghalabu husemwa kwamba ikitulia baina ya milimita 285 na 295 kutoka mwisho wa mpini ni ya kati. Ikizidi hapo kichwa ni kizito, ikipungua kichwa ni chepesi. Ya kijani ilitulia kwenye 297, na nyeusi kwenye 304. Uzito ulio mbali na mkono, ukiisha kupata mwendo, hukisukuma kinyoya kwa nguvu, hasa katika pigo la kushindilia kutoka nyuma ya uwanja. Lakini mwendo huo sharti autoe mtu. Na shingo ngumu huzidisha sharti: mwenye mkono wa haraka hurudishiwa nguvu yake papo hapo, na mwenye mkono wa polepole harudishiwi kitu, shingo haimjibu. Shingo laini humsaidia huyu wa pili.

Sisi tuna miaka hamsini na kitu. Katika juma la kwanza tulipata mapigo manne au matano mazuri sana, tukayahesabu. Mengine yote yalikuwa hasara. Kinyoya kilipotujia kifuani raketi ilikuwa bado inapanda. Karibu na wavu, tulipotaka kukidondosha taratibu upande wa pili, kilikwenda mbali, kwa kuwa mkono haukuwa ukisikia kinyoya kimegusa wapi katika nyuzi. Ulikuwa ukisikia uzito tu. Kijana alitushinda kila jioni kwa adabu kubwa, akiokota kinyoya na kutuletea.

Kisha bega likaanza. Siku moja katika swala ya alfajiri tuliinua mikono kwa takbiri, na wa kulia ukakataa kufika usawa wa bega. Waliokuwa nyuma yetu waliona, maana sisi tulikuwa imamu.

Je, tuliiacha raketi ile? La. Kibri kina hila nyingi. Tulisikia kwamba ukiongeza kitambaa cha kushikia mpini, raketi huwa ya kati. Tukazungusha kitambaa cha gramu 5, tukapima tena juu ya kidole, na kweli ilishuka mpaka karibu na 294. Tukafurahi. Lakini bega halikupona, na sababu yake ni nyepesi: kichwa hakikupungua hata chembe. Tuliongeza uzito mkononi ili kidole kidanganyike, na bega bado lilikuwa likibeba kichwa kile kile.

Jambo lililotufungua macho alitusomea kijana mwenyewe. Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy, mchezaji wa Bara Hindi, alipimwa pigo la kushindilia la kilomita 565 kwa saa, likaandikwa kuwa kubwa kupita yote kwa wanaume. Na raketi aliyotumia, Nanoflare 1000 Z ya Yonex, ni ya kichwa chepesi. Kabla yake, mwaka 2013, Tan Boon Heong wa Malaysia alifikisha 493, naye pia kwa raketi ya kichwa chepesi. Yalikuwa majaribio, si mashindano, na mikono ile si kama yetu. Lakini tulikaa kimya kitambo. Yale tuliyomnyima kijana kwa ajili yake hayakuwamo katika kichwa cha raketi.

Tukataka kubadilishana, na hapo tukaingia katika shida ya pili. Kumpa ile nyeusi sasa, baada ya kutuumiza, na kuchukua ya kijani aliyokwisha kuizoea, kungekuwa nini ila kumdhulumu mara mbili? Mke wetu ndiye aliyekata shauri. "Maalim," alisema, "mwambie ulilofanya, kisha achague yeye." Tukamwambia, yote, tukiwa tumekaa barazani. Akainamisha kichwa. Akazicheza zote mbili siku saba, si mara tatu hewani kama sisi, bali mpaka mkono uchoke, maana raketi isiyofaa hujionyesha mkono ukichoka. Mwishoni akasema, "Ami, nyeusi naiweza nikiwa nyuma, lakini mbele yanichelewesha. Mimi nitabaki na hii yangu."

Kwa hiyo hatukupata ya kijani, wala hatukustahiki. Kwa idhini ya yule aliyeko Muscat, ile nyeusi tulimpa jirani yetu fundi seremala, mwenye kushinda na nyundo kutwa. Yeye huipunga kama fimbo ya mswaki na kinyoya hulia. Sisi tulinunua kwa fedha yetu raketi ya kati, 4U, shingo laini, tukafungiwa nyuzi kwa ratili 21, maana nyuzi zilizolegea kidogo humpa nguvu asiyekuwa nayo. Mapigo yetu si makubwa, lakini kinyoya twakisikia kimegusa wapi. Bega lilichukua miezi mitano. Takbiri sasa hufika mahali pake, na kijana bado atushinda, ila siku hizi kinyoya twakiokota wenyewe.