Jiwe Kwanza, Mchanga Baadaye

Ndugu msomaji unayejifunza Kiswahili, leo nakualika tukitazame kitenzi kimoja: kuchimba. Kutokana nacho tumepata mchimbaji, machimbo na chimbuko. Katika tangi la kioo lililo pembeni mwa darasa langu hapa Bujumbura, kitenzi hicho hakihitaji kamusi. Samaki hukifafanua mchana kutwa kwa vinywa vyao.

Samaki hao ni wa jamii ya siklidi, ndugu wa sato na perege, na asili yao ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, na linamilikiwa na nchi nne: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Lina spishi za siklidi zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Wangu ni wadogo kuliko kidole cha mtu mzima, nao hukaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Huchota mchanga kwa kinywa, huutema kando, hurudi tena, mpaka gamba lizame na kubaki mlango tu.

Mgeni mmoja alipowaona alinishauri niwaondoe, kwa kuwa wanaharibu mandhari. Nilimjibu kwamba mandhari yasiyoweza kumvumilia mwenyeji wake ndiyo yenye kasoro. Samaki hawa hawachimbi kwa ukorofi. Wanachimba ili wapate makazi, mipaka na mahali pa kulelea watoto. Basi ni juu ya mjenzi kujua tabia ya watakaoishi humo kabla hajaweka jiwe la kwanza.

Nasi tulijenga hivi. Kwanza tuliangalia meza, kwani lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu kioo, mawe na mchanga. Pili, tulitandika kipande cha plastiki kwenye sakafu ya tangi ili jiwe lisikikwaruze kioo. Tatu, tuliweka mawe makubwa na bapa juu ya plastiki hiyo, kila jiwe likijaribiwa kwa mkono lisitikisike, na yale ya juu tukayashika kwa gundi ya silikoni. Mwisho kabisa tukamwaga mchanga laini, kina cha sentimita 5 hivi, ukizunguka mawe.

Mpangilio huo ndio siri yote. Ukimwaga mchanga kwanza na kuweka mawe juu yake, siku ya kwanza tangi litapendeza vilevile. Lakini mchimbaji ataondoa mchanga chini ya jiwe, kinywa baada ya kinywa, hata jiwe liporomoke. Hapo atakufa yeye, au kioo kitapasuka na wote wakose maji. Mimea nayo hatukuipanda mchangani, maana ingeng'olewa. Tuliifunga kwa uzi juu ya mawe. Bomba la kuchuja maji tuliliweka juu, mbali na vumbi la mchanga.

Wanafunzi waliniuliza, somo la uraia limo wapi? Limo humo. Sheria na taasisi za nchi hazijengwi kwa ajili ya raia wa kufikirika, watulivu na wasiodai kitu. Zinajengwa kwa ajili ya watu wanaohama, wanaogombana, wanaotafuta nafasi. Misingi ikikaa juu ya mwamba, yaani haki na makubaliano, watu watachimba watakavyo na nyumba itasimama. Ikikaa juu ya mchanga, tutawalaumu wachimbaji bure.

Nchi nne zinazozunguka ziwa letu zilitambua jambo hilo. Tarehe 12 Juni 2003, jijini Dar es Salaam, zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na mamlaka iliyotokana nao ina makao yake hapa Bujumbura. Kazi yake si ndogo. Milima ikikatwa miti, mvua huosha udongo hadi ziwani, na tope hilo hufunika mawe ambamo siklidi hula na kuzaliana. Mkulima aliye mlimani huenda asimwone samaki huyo maisha yake yote, ila jembe lake linamfikia.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, nakupa zoezi. Chagua jengo, kanuni au chama kilicho karibu nawe, kisha uandike aya moja ukijibu maswali mawili: ni nani wanaochimba hapa, na wanachimba kwa haja gani? Ukishajibu, chunguza kama jiwe lililowekwa limefika sakafuni.