Mzima, Chemchemi Inywewayo na Kiboko na Mji

Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Methali hii yawafaa sana wakaaji wa Mombasa. Kila siku watu hufungua mifereji yao, wakajaza ndoo na masufuria, wala hawaulizi maji yale yametoka wapi. Sehemu ya maji hayo yatoka mbali, huko bara, ndani ya mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi, mahali paitwapo Mzima. Mtu ye yote apataye nafasi ya kusafiri ingemfaa aende akapaone kwa macho yake mwenyewe.

Mbuga ya Tsavo iliwekwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa sehemu mbili, Mashariki na Magharibi. Zikijumlishwa, ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 22,000. Barabara kuu na reli ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa hupita katikati. Abiria wengi huchungulia madirishani, wakamwona ndovu mmoja mwekundu kwa vumbi la nchi ile, nao wakifika pwani husema wameiona Tsavo. Kwa kweli wameona ukuta wa nyumba tu, ndani hawakuingia.

Njia ya kwenda Mzima si ngumu. Msafiri hushuka Mtito Andei, ambapo ni karibu nusu ya safari baina ya Nairobi na Mombasa. Basi hufika hapo, na tangu mwaka 2017 iko pia treni ya reli mpya ambayo husimama katika stesheni ya mji huo. Lango la mbuga li karibu na barabara. Kutoka langoni hata Mzima ni mwendo wa kilomita zipatazo 48 kwa motokaa. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni atokaye ng'ambo, basi usisahau kitambulisho chako. Wenzi wanne au watano wakichangiana gharama ya gari, mzigo utakuwa mwepesi. Ni vema kuingia alfajiri, maana mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na jua la Tsavo halina huruma kwa achelewaye.

Nchi utakayoipita ni kavu. Kuna miiba, udongo mwekundu, na mawe meusi yaliyotapikwa na ardhi zamani yalipokuwa moto. Kisha, ghafula, waona mstari wa miti mibichi: mikuyu, mikindu na miwale. Hapo ndipo Mzima. Maji hububujika chini ya mawe yale meusi, nayo ni maangavu hata waweza kuhesabu samaki. Kila siku hutoka zaidi ya lita milioni 200. Mahali hapa waruhusiwa kushuka garini na kutembea kwa miguu, ukiongozwa na askari wa mbuga mwenye bunduki. Kando ya ziwa dogo kimejengwa chumba kilichozama majini, chenye madirisha ya kioo, ili mtu apate kutazama maisha ya chini bila kulowa.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi viumbe wa pale wanavyotegemeana. Usiku kiboko hutoka majini akaenda kula majani nchi kavu. Mchana hurudi kulala majini, na mavi yake huwa chakula cha wadudu na konokono. Hao huliwa na samaki. Samaki nao huliwa na mnandi na mamba. Hivyo majani ya nyikani huingia majini kwa tumbo la kiboko, na ukoo mzima huishi kwayo.

Ukame wa mwaka 2009 ulionyesha udhaifu wa mpango huo. Viboko wengi wa Mzima walikufa, wala si kwa kiu. Maji yalikuwapo, yakitiririka kama kawaida. Walikufa kwa njaa, kwa kuwa majani ya kando ya chemchemi yalikwisha. Nasi tulifahamu kwamba chemchemi peke yake haimwokoi mnyama, ikiwa nchi inayoizunguka imekufa.

Maneno hayo hayawahusu viboko tu. Maji ya Mzima huzaliwa katika vilima vya Chyulu, upande wa kaskazini-magharibi. Juu ya vilima hivyo hakuna mto hata mmoja. Mvua na ukungu hunaswa na msitu wa vileleni, maji yakazama katika majivu na mawe yenye matundu, yakachujwa, yakasafiri chini kwa chini hata kutokea Mzima. Ijapokuwa sehemu ya Chyulu imekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1983, moto, uchomaji wa makaa na ukataji wa miti vingali adui zake. Akataye mti Chyulu hamwoni mtoto wa Mombasa aliyeshika ndoo tupu, lakini mkono wake wamfikia.

Tena hesabu yenyewe ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Bomba la kwenda Mombasa lilijengwa katika miaka ya 1950, nalo husafiri zaidi ya kilomita 200. Maji yasiyoingia bombani huenda katika mto Tsavo. Tsavo huungana na Athi ukawa Galana. Na Galana, ukikaribia bahari, huitwa Sabaki. Huko Baricho, katika bonde la Sabaki, vimechimbwa visima vinywesheavyo Malindi na Mombasa. Basi watu wa pwani huinywa Mzima kwa bomba, kisha huinywa tena kwa mto.

Wenye deni hawana budi kuwakumbuka wanaowadai. Kwa miaka mingi wenyeji wa Taita Taveta, ambamo chemchemi imo, wamenung'unika kwamba maji hupita kwao yakaenda mbali, na vijiji vyao hubaki na kiu. Jirani za mbuga huharibiwa mashamba na ndovu, na wengine hupoteza hata maisha. Si haki kuwaambia watu hao walinde msitu na wanyama kwa ajili ya wengine, iwapo wao wenyewe hawapati kikombe. Mnywa maji kwa mkono mmoja, kiu yake i pale pale. Na mji unaotaka kunywa siku zote yaupasa kunyosha mkono wa pili, yaani ule wa kulipa na kusaidia walioko kisimani.

Kwa sababu hiyo nasema safari ya Mzima si anasa ya wageni. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake, baba awapeleke wanawe, na diwani wa mji aende vilevile. Wakisha kumtazama kiboko, wainue macho wavitazame vilima vya Chyulu, kisha waulize ni nani avilindaye, na analipwa nini.