Mficha Maradhi Jijini Paris

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu mmoja mkaidi. Hata hivyo, historia ya kifua kikuu jijini Paris, kati ya Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia, yatuonyesha kwamba jiji zima nalo laweza kuficha maradhi hadi kilio kiyatangaze.

Sababu za kuficha zilikuwapo. Tangu Robert Koch alipotambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, ilijulikana kuwa ugonjwa huu huambukiza. Dawa ya kuuponya haikuwapo. Streptomaisini ilipatikana mwaka 1943. Aliyetajwa kuwa mgonjwa alihofia kupoteza kazi na kuepukwa na majirani, nao madaktari walishikilia kuwa siri ya mgonjwa ni amana. Uingereza iliwalazimu madaktari kuripoti kifua kikuu cha mapafu kuanzia mwaka 1912. Ufaransa ilingoja hadi mwaka 1964.

Je, jiji lilimfuatiaje adui asiyetajwa? Lilihesabu maiti. Tangu mwaka 1894, ofisi moja ya jiji chini ya Paul Juillerat ilifungulia kila nyumba jalada lake. Humo mliwekwa mchoro wa nyumba, hali ya maji na mifereji yake, na idadi ya waliofariki kwa maradhi ya kuambukiza. Jalada lilikuwa la nyumba, si la mtu. Mpangaji aliyeugua akihama, kifo chake hakingeweza kusimulia alikoambukizwa.

Vifo vilipopangwa nyumba kwa nyumba, vilionekana kurundikana katika mitaa ileile yenye vichochoro vyembamba na vyumba visivyopata jua. Kabla ya Vita vya Kwanza maeneo sita yalitiwa alama. Baada ya vita hivyo yakafika 17. Eneo nambari moja lilikuwa Beaubourg. Juillerat aliulaumu ukosefu wa jua, na ni kweli kwamba mwanga wa jua huua bakteria hao. Lakini chumba chenye kiza ni chumba cha maskini. Waliolala humo ndio waliokula kidogo, wakafanya kazi saa nyingi na kubanana usiku. Majalada yalionyesha penye msiba. Chanzo chake hayakukieleza chote.

Tiba ikawa kubomoa. Miaka ya 1930 nyumba za Beaubourg ziliangushwa, na uwanja ukabaki wa kuegesha magari kwa miaka mingi, hadi Kituo cha Pompidou kilipojengwa na kufunguliwa mwaka 1977. Wapangaji walitafuta kodi nafuu kwingine, na vifua vyao wakaenda navyo.

Palikuwa na njia nyingine, isiyo na kishindo. Sheria ya mwaka 1916 iliruhusu kuanzishwa kwa zahanati za kifua kikuu. Wauguzi wake walipanda ngazi, wakabisha milango, wakauliza nani anakohoa, wakafunza makohozi yatemwe wapi na kuhimiza watoto wapelekwe kupimwa. Hawakuwa na dawa ya kuponya, lakini walimkuta mgonjwa angali hai.

Hesabu inayoanzia kaburini huchelewa daima. Jamii inayotaka kujua wagonjwa wake haina budi kuhakikisha kwamba kuyataja maradhi hakumgharimu mtu kuliko kuyaficha.