Shingo inauma? Jifunze kwa Ifakara kabla ya kulipia tiba

Ifakara ni mji wa mpunga na baiskeli. Msimu wa kilimo akina mama wa bonde la Kilombero hushinda wameinama kwenye majaruba wakipandikiza miche, na jioni hurudi na ndoo ya maji au mzigo wa kuni kichwani. Si ajabu shingo na mabega kuuma. Kila nyumba ina jibu lake: kukandwa na bibi, mafuta ya kuchua au vidonge vya dukani.

Mijini kuna jibu jingine: kukandwa Kichina, kunakoitwa tuina. Wachina si wageni huku. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wao kati ya 1970 na 1975, inapita Ifakara kwenda Mlimba. Lakini mzazi mwenye ada ya shule mfukoni ana haki ya kuuliza: inasaidia kweli?

Kwa swali hilo, Ifakara ni mwalimu mzuri. Tangu maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950 hadi Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, tiba hupimwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chanjo ya malaria ya SPf66 kutoka Colombia ilijaribiwa Idete. Watoto wa mwaka mmoja hadi mitano waligawanywa: wengine walipata chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo. Kinga ilionekana kuwa asilimia 31. Ilipojaribiwa kwa watoto wachanga, haikuwakinga, ikaachwa. Vyandarua vyenye dawa vilipopimwa Kilombero na Ulanga, uhai wa watoto wadogo uliongezeka kwa asilimia 27. Bonde lilelile, kipimo kilekile: kulinganisha.

Tuina nayo imepimwa hivyo Berlin, Ujerumani, na matokeo yakatolewa 2018. Watu 92 wenye maumivu sugu ya shingo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikandwa mara sita ndani ya wiki tatu, jingine lilisubiri. Baadaye waliokandwa walisema maumivu yamepungua.

Ni habari njema, ila ina mpaka. Waliosubiri hawakupata chochote, hivyo hatujui kama nafuu ililetwa na mkono wa Kichina, au ingeletwa na mkono wowote mpole. Kwa hiyo mzazi, kukandwa taratibu kunaweza kukupa nafuu, lakini usiuze gunia la mpunga kulipia jina. Nyoosha shingo na mabega kila siku, punguza mzigo wa kichwani, baiskeli ibebe gunia. Na usiruhusu mtu kukukunja shingo kwa nguvu hadi ilie.

Yapo ambayo hayasubiri kukandwa: shingo iliyoumia kwa kuanguka, mikono au miguu inayokufa ganzi au kuishiwa nguvu. Zaidi ya yote, mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa huenda ana homa ya uti wa mgongo. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

Zamani mgonjwa kutoka Ulanga alingoja kivuko kufika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Sasa daraja limekamilika juu ya mto Kilombero. Saa zilizookolewa na daraja zisipotee nyumbani kwa kumchua mtoto shingo.