Ulikuwa Uji Tu

Jumanne, 14 Mei 2024. Moshi
Tumerudi kutoka hospitali saa tano usiku. Mtoto amelala, mgongo bado una mabaka. Alikunywa uji kwa bibi yake, na kikombe hakijafika nusu midomo ikavimba, akatapika, kifua kikaanza kupiga miluzi. Bodaboda aliyetukimbiza hakudai nauli. Nesi akamchoma adrenalini pajani. Dakika chache baadaye mtoto akapata pumzi ya kulia. Walituweka saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi hata baada ya kutulia.

Bibi yuko sebuleni, hajajitanda upya kanga tangu jioni. "Mwanangu, ulikuwa uji tu." Kweli. Mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga. Unga wa lishe, uleule tunaofundishwa kliniki.

Alhamisi, 16 Mei
Nimezunguka maduka matatu ya dawa kutafuta kalamu ya adrenalini, ile inayojichoma yenyewe. Hawana. Daktari amenipa kichupa cha kawaida na sindano ndogo, akaniandikia: kilo 12, mililita 0.12, paja, upande wa nje. Nimejifunza kwa kuchoma chungwa. Nilidhani ile siterizini ya kabatini ingetosha. Akasema inatuliza vipele na muwasho. Koo linaloziba hailifungui.

Kichupa kimelala ndani ya kisanduku cha miwani ya baba wa watoto, mbali na jua. Miwani sijui kaiweka wapi.

Jumapili, 26 Mei
Tatizo ni karanga. Tangu lini zikawa nyingi hivi? Kwenye kisamvu, kwenye mchicha, kashata mfukoni mwa mzee wa kanisa. Anayempenda mtoto humtia kitu mdomoni, na mimi sasa nasimama mlangoni kama askari. Mama mmoja amenuna. Nimemfundisha mtoto kusema "kaanga hapana". Watu wanacheka, kisha wanamnyooshea tena.

Kaka yake naye anapiga chafya toka asubuhi, macho mekundu kwa kujisugua. Shangazi anasema ni baridi. Baridi gani inayosubiri mahindi yatoe mbelewele? Daktari alinieleza kwamba chavua ya mahindi ni nzito, nyingi huanguka karibu na shamba. Dirisha la chumba cha watoto liko hatua nne kutoka kwenye mabua. Nimehamishia kitanda upande wa barabarani. Sasa analalamikia pikipiki.

Jumatano, 5 Juni
Wifi ana mtoto wa miezi mitano. Kanipigia: amfiche karanga mpaka lini? Nilitaka kusema mpaka aote meno yote. Bahati nikamuuliza daktari kwanza, akanijibu kinyume. Utafiti wa London uliotolewa mwaka 2015 ulifuata watoto wachanga 640 wenye hatari kubwa ya mzio. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi mwanzoni hakikuonyesha kitu, waliolishwa karanga mapema na kuendelea nazo hadi miaka mitano, kama wawili katika kila 100 walipata mzio. Walionyimwa, karibu 14. Ila ziwe zimesagwa laini na kulainishwa, nzima zitamkaba. Na mwenye ukurutu mkali apimwe kwanza.

Nilimweleza wifi yote, nikakata simu, nikakaa jikoni. Wangu nilimficha karanga mpaka akatimiza mwaka na nusu, kwa sababu niliambiwa zinaleta vipele. Nilimuuliza daktari kama ndiyo sababu. Akasema kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kujua. Ni jibu la haki. Halinisaidii usiku.

Ijumaa, 21 Juni
Mashine ya kusaga haifai: unga wa mteja aliyetangulia hubaki humo, na huenda wake ulikuwa na karanga. Bibi hakubishana. Kanunua kinu kipya na chekeche jipya, kafunga utepe mwekundu kwenye mchi, na wajukuu wengine wamekatazwa hata kuugusa.

Jioni ametuita. "Ulezi mtupu, nimetwanga mwenyewe. Onja wewe kwanza."

Nikaonja. Ulikuwa na mchanga kidogo. Sikusema.