Kadi Iliyodanganya Umri Wake

Zamani fundi akishaniambia "dada, mashine yako ya kizamani", kwangu mjadala ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni kuuliza bei ya nyingine. Siku hizi neno hilo halinitoi kwenye kiti, na kilichonibadilisha ni kadi moja ya grafiki niliyonunua Kariakoo.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu, hapa Temeke. Kompyuta ninayotumia ni ya mtumba, mnara wa ofisini wenye prosesa ya Core i5 kizazi cha tatu, ile iliyotoka 2012. Kwa video za kawaida haikuwa na neno. Shida ni kamera za sasa, zinarekodi 4K, na maharusi wakianza kulishana keki basi skrini yangu inaanza kukwamakwama. Nikatafuta kadi. Muuzaji akanipa kasha lililoandikwa GeForce GTX 1050 Ti, GB 4, kwa bei ya kirafiki mno. Kilichonivuta zaidi ni tundu la VGA nyuma yake, lile la buluu, maana monita yangu haijui waya mwingine.

Ikawaka, picha zikaja. Ila draiva mpya ikagoma kabisa kuingia. Ile ya kwenye CD iliyokuja na kasha ikakubali, lakini nikifungua programu ya kuhariri skrini inakuwa nyeusi, na mara nyingine mashine nzima inazima pu! Fundi wa kwanza akasema mazabodi imechoka. Mwenzake akasema BIOS ya 2012 haiwezi kuelewana na kadi ya 2016. Hoja hiyo si ya kutupa, kwa sababu zipo bodi za zamani zinazogoma kabisa kuwaka na kadi mpya. Lakini bodi inayogoma hivyo kwa kawaida haitoi picha tangu mwanzo, na yangu ilikuwa inatoa. Wote wawili walitua palepale: uza hii, nunua nyingine.

Nikaibeba kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa televisheni tangu enzi za chogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hii kadi yako inakula wati ngapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akafungua ubavu wa mashine, akamulika stika ya pawa saplai: wati 275, za mashine nzima. Akanieleza kwamba tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi huongezewa waya moja kwa moja kutoka pawa saplai. Yangu ilikuwa nao, wa pini sita, umeungwa kwa kichwa kilichochukua umeme kwenye waya wa diski. Mzee akaushika, akauachia, akasema hicho kiwaya hakimpi raha.

Majina ya kadi yeye hayajui wala hayamhusu. Hayo niliyasoma mwenyewe usiku ule. 1050 Ti halisi imeundwa kuishi kwa wati 75, na nyingi hazina hata hilo tundu la pini. Sasa hii yangu ilikuwa na njaa ya nini? Halafu nikafika kwenye VGA: chipu za kizazi hicho hazitoi tena mawimbi ya analojia. Lile tundu la buluu lililonifurahisha dukani lilikuwa ndilo la kwanza la kutilia shaka.

Nikapakua GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu 2018 inazitambua kadi zilizochakachuliwa. Ikaandika FAKE mbele ya jina. Ndani kulikuwa na chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya wati 116, GB 1. Wajanja huichoma upya programu iliyomo ndani ya kadi ili ijitambulishe kwa jina jingine na kumbukumbu ambayo haina. Programu yangu ya kuhariri ikiambiwa kuna GB 4 inapanga picha hadi huko, nazo zinaangukia pasipo kitu.

Na 550 Ti ilitoka 2011. Yaani kompyuta iliyokuwa inasimangwa kwa uzee ilikuwa mdogo wa hiyo kadi "mpya".

Pesa sikurudishiwa, tuyaache hayo. Sasa natumia Quadro P620 ya mtumba, wati 40, haihitaji waya wa ziada. Matundu yake ni mini DisplayPort, kwa hiyo nimeweka kiunganishi chenye chipu ndani ndipo monita yangu ya VGA ikapata picha. Kabla ya kulipa nilitoa flashi yenye GPU-Z nikamwomba kijana wa dukani aichomeke. Alinuna, lakini alichomeka. 4K nzito bado naitengenezea kwanza nakala nyepesi ya kuhariria, ila hakuna kuzimika.

Ile feki nimempa mzee, anapimia monita za VGA.

Juzi friji yetu iliacha kugandisha. Fundi akaja, akaigonga ubavuni, akasema, "Dada, hii ya kizamani, tafuteni nyingine." Nikamuuliza kompresa inavuta ampea ngapi. Akaniangalia kidogo, kisha akarudi kwenye bodaboda yake kufuata mita.